Mheshimiwa Kabadili Kofia

Ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na nne Machi, wakati wa chai ya asubuhi. Ukitaka siku ambayo mambo yangu yaliharibika, iandike hiyo.

Uliyekuwa nami wiki iliyopita unakumbuka niliishia wapi. Mke wangu Reshmu amefungwa kwenye kiti cha mbao, wanaume wanne wamembeba mabegani, na mto Sareni mbele yetu umeshaondoka na daraja letu la magogo. Unajua kwamba hakuvuka. Wewe unayeanza leo, shika hilo moja, linatosha. Mimi ni Jhabe Ram, mkulima wa matufaha kijiji cha Dhanoli, huku milimani, India. Mke wangu alifia ukingoni kwa sababu mtu mmoja mjini alibadili kofia.

Wako waliosema namsingizia mtu, eti kofia haiui. Basi leo nirudi nyuma kidogo, mwone inavyoua.

Alhamisi ile nilikuwa kwa Bhagtu muuza chai. Televisheni yake inawaka mchana kutwa, mtu atazame asitazame. Nikamwona mbunge wetu, Mheshimiwa Virbhan Thakur, anavishwa mashada ya maua. Kichwani ana kofia ya sufu kama sisi sote huku, ila ukingo wake ni wa njano.

Huku kwetu ukingo wa kofia ndio kadi yako ya chama. Kijani ni chama cha Kengele. Njano ni chama cha Mwavuli. Virbhan tulimchagua akiwa na kijani, kijani iliyokolea, na kengele amebandika mpaka kwenye kioo cha gari.

"Bhagtu," nikamwambia, "televisheni yako imeharibika rangi."

"Rangi nzima, kaka. Kilichoharibika ni mbunge."

Wakaonyesha na hoteli walikofichwa, yeye na wenzake waliohama pamoja, kule nchi tambarare kwenye joto. Walinyang'anywa simu wasije wakashawishiwa warudi walikotoka. Watu wazima, wenye masharubu, wanalindwa mlangoni kama mabinti wanaongoja kuolewa. Mmoja wao alikuwa anaelea kwenye bwawa na bukta ya maua. Sikutaka kujua ni nani, lakini tumbo nililifahamu.

Mwandishi akamsogezea kipaza sauti. Virbhan akasema, "Nimehama kwa ajili ya maendeleo ya watu wangu."

Mzee mmoja pembeni akatema mate. "Maendeleo yetu yanajua kuogelea, kumbe."

Nikarudi nyumbani. Reshmu alikuwa anakanda unga. Nikamweleza. Hakupiga kelele, hakulaani. Alifuta mikono, akakaa.

"Arudi," akasema.

"Nani arudi?"

"Virbhan. Arudi hapa uwanjani atuombe upya. Kura si shati lake, alivae aondoke nalo."

"Ameshaondoka nalo, mama Bimla."

"Basi alivue kwanza. Huku kwetu mwanamke akimwacha mume akaolewa kwingine, yule mume mpya si anamrudishia wa kwanza gharama zake? Mbele ya wazee? Sasa hawa Mwavuli wamemchukua mtu wetu, wametulipa nini? Hata hodi hawakupiga."

Nikacheka. Nikamwambia mimi kura yangu sikumpa Virbhan hata kidogo. Nilisoma madarasa matatu tu, na herufi nazipata kwa kuvizia; hata haya nasema mimi, anaandika mwingine. Siku ya kupiga kura mashine ina majina na ina alama. Mimi nilitafuta kengele, nikabonyeza. Jina lililokuwa pembeni hata lingekuwa la mbuzi nisingejua.

"Mimi nilisoma jina," Reshmu akasema. "Nikabonyeza jina."

"Kitufe si kilekile?"

"Kilekile. Lakini wewe ulichagua kengele na mimi nilichagua mtu. Na sasa kengele wametukasirikia, na mtu ametukimbia. Wote wawili tumeibiwa kwa kidole kimoja."

Huyo ndiye mke wangu. Mnaniuliza kwa nini sijaoa tena.

Sasa nieleze ile chumvi, maana bila chumvi hamtaelewa kitu.

Kabla ya uchaguzi ule, Virbhan alikuja Dhanoli kuahidi daraja la chuma. Wamekuja wengi na madaraja yao ya mdomoni. Reshmu, aliyekuwa kiongozi wa kina mama, akasimama akasema, safari hii tunaapa kwa lota. Huku hicho ndicho kiapo cha mwisho. Unaleta lota, kile kijungu cha shaba, unajaza maji, unaingia uwanja wa devta, mungu wa kijiji. Unatia kijiwe cha chumvi ya mawe unasema: nikivunja neno langu, niyeyuke kama chumvi hii. Ukishatia, umetia. Wako ndugu huku waliogombana shamba tangu enzi za babu, lakini wakiapa kwa lota hakuna anayesogeza hata jiwe la mpaka.

Tuliapa kijiji kizima. Kura zetu zote kwa Virbhan Thakur. Na yeye akaapa: hatawaacha watu wa Dhanoli mpaka wavuke mto kwa miguu mikavu. Akatia mkono kwenye lota. Kijiwe kikasikika, *tlik*. Reshmu alikuwa ameshamfunga uzi mwekundu mkononi, ule wa dada kumfunga kaka. Tangu siku ile Virbhan akawa ananiita shemeji.

Akashinda. Vyuma vya daraja vikaletwa mpaka barabarani, ng'ambo ya mto. Tukawa tunakaa juu ya ukingo huu tunavitazama, kama mtu anayetazama chungu kikichemka.

Ndipo ikaja ile Alhamisi.

Serikali ilikuwa ya Kengele. Mkandarasi akaondoka na watu wake. Tukapeleka wazee ofisini kwa mkubwa wa Kengele. Aliwajibu bila kuacha kutafuna: "Mbunge wenu katuasi. Mkamwombe daraja huyo mliyemchagua."

Wakaenda kwa Mwavuli. "Subirini tuingie madarakani."

Wakaenda kwa Virbhan. Yuko hotelini.

Na kiti chake anacho! Sheria inasema akihama anakipoteza, lakini wa kusema "umekipoteza" ni Spika, na Spika alilikalia jambo lile kama kuku juu ya mayai ya plastiki. Virbhan anakula mshahara wa kijani na kofia ya njano. Sisi hatuna mbunge, na hatuna ruhusa ya kutafuta mwingine.

Reshmu alisimama uwanjani kwa devta, watu wanasikia, akasema: "Akirudi hapa kuomba, mimi simpi. Na nyinyi msimpe."

Theluji ikaanza kuyeyuka, mto ukapanda, magogo yakaenda. Tumbo likamshika mke wangu. Mengine nilishayasema wiki iliyopita, na siyarudii.

Rambirambi ya Mheshimiwa ililetwa ikiwa imechapwa kwenye karatasi ya kung'aa. Juu kulikuwa na picha. Nikadhani ni ya marehemu. Ilikuwa ya Virbhan, ananitabasamia.

*

Miezi ikapita, mahakama ikamkoromea Spika, Spika akaamka. Kiti kikatangazwa kitupu. Uchaguzi mdogo! Bhagtu aligawa chai bure, jambo ambalo hakulifanya hata alipozaliwa mwanawe. Mimi niliyekuwa sijanyoa tangu msiba nikanyoa.

"Anakuja kuomba," nikasema. "Reshmu alisema atakuja kuomba, na anakuja."

Furaha yangu ilidumu mpaka walipotaja wagombea.

Mwavuli wakamsimamisha Virbhan. Sawa, hilo tulilitarajia. Na Kengele? Wakamsimamisha Nandlal, ambaye miaka yote alikuwa Mwavuli! Alinuna kuona nafasi yake amepewa Virbhan, akahamia Kengele. Walipishana njiani hao wawili, mmoja anavaa kijani cha mwenzake, mwingine anavaa njano ya mwenzake. Ingekuwa wamekutana wangebadilishana kofia palepale, wakaokoa nauli.

"Sasa uchaguzi gani huu?" Bhagtu akauliza. "Ni kumtoa mwizi wa mbuzi kumweka mwizi wa kondoo."

"Nandlal simpendi," nikamwambia. "Lakini Nandlal hakutia mkono kwenye lota ya mke wangu. Virbhan aangushwe kwanza. Ajue kwamba ukiondoka na kura za watu unarudi kuulizwa. Huyo mwingine naye zamu yake itafika."

Nilitegemea watu waitikie. Mmoja akaangalia kikombe, mwingine akakumbuka ng'ombe wake. Nikamkamata Bhagtu mkono.

"Kuna nini?"

"Kaka Jhabe, usinitie maneno mdomoni. Muulize Kesru."

Kesru ni mdogo wake Reshmu, tumbo moja. Ndiye mtu wa Virbhan hapa kijijini tangu zamani. Virbhan alipogeuka njano, naye akageuka. Nilimkuta anapogoa mitufaha yake.

"Kesru, watu wamepatwa na nini?"

"Shemeji, kaa."

"Sikai. Sema."

"Waliapa kwa chumvi kumpa Virbhan. Wanaogopa."

"Waliapa akiwa Kengele."

"Lota haikuulizwa habari za kengele. Waliapa jina lake."

"Naye aliapa hatatuacha. Kaacha."

Kesru akashusha mkasi wake. Hakunitazama. "Shemeji, dada alisimama uwanjani akasema hampi. Mbele ya devta. Yeye ndiye aliyeshika lota, yeye ndiye wa kwanza kusema atavunja. Na yeye ndiye..."

Akaanza kuchezea mkasi.

"Malizia."

"Ndiye aliyeyeyuka wa kwanza."

Nilimpiga kofi. Mimi ni mzee, na nilimpiga mdogo wa mke wangu kati ya miti ya mama yao. Hakurudisha. Alisimama na shavu lake, machozi yanamtoka, na ndipo nikaona jambo baya kuliko yote. Alikuwa anaamini.

"Nani kakufundisha neno hilo?"

"Hakuna aliyenifundisha."

"Kesru!"

"Mheshimiwa aliniuliza tu kwa simu. Akasema, hivi dada yetu hakuwa amesema kitu uwanjani kabla ya kufa? Akasema, masikini, angejizuia. Basi."

Basi! Tazama ustadi wa mbwa yule. Mke wangu kafa kwa kukosa daraja lake, na yeye anakiokota kifo kile, anakipangusa vumbi, anakifanya wakala wa kampeni. Kila mlango wa Dhanoli sasa Reshmu anapita kumwombea kura, amekufa, hawezi hata kukataa.

Nikajua kinachonibakia duniani. Sikutaka daraja tena. Nilitaka neno lile litolewe juu ya jina la mke wangu kabla ya Jumapili ya kura.

*

Virbhan akaja Jumanne.

Mto ulikuwa bado mkali. Sijui walitoa wapi, lakini Mwavuli walileta waya, wakaleta na tenga la chuma, wakaufunga waya ng'ambo na huku kwa asubuhi moja tu. Mtu anakaa kwenye tenga, wa upande huu wanavuta kamba ya kuzunguka, kumleta na kumrudisha, anavuka juu ya maji. Asubuhi moja! Reshmu alikaa kwenye kiti chake mahali palepale kuanzia asubuhi hadi jua linazama, na waya haukupatikana nchi nzima. Kumbe waya ulikuwepo. Uliokosekana ulikuwa uchaguzi.

Vijana wake walibaki ng'ambo na magari. Upande huu waliovuta kamba ni wanaume wetu, Kesru mbele yao. Mheshimiwa akashuka anacheka, kofia ya njano imeinamishwa kidogo, akanikumbatia kabla sijakwepa.

"Shemeji yangu! Umekonda."

"Wewe hujakonda."

Akacheka zaidi. Hao hawatukaniki.

Uwanja wa shule ulijaa. Akasema mambo yao yale: barabara, vijana, mwavuli wa kutufunika wote. Akauliza kama kuna swali, kwa namna ya mtu asiyetaka. Nikasimama.

"Ulipohama, kwa nini hukurudi kwanza kutuuliza?"

"Shemeji, niwaulize nini? Mlinichagua mimi au mlichagua kofia?"

"Mimi nilibonyeza kengele."

Watu wakacheka, na yeye akacheka nao. "Mnaona? Shemeji alichagua kengele. Kengele imewajengea nini? Mimi mtu wenu ni yuleyule. Damu ileile. Huu uchaguzi mdogo wenyewe ni hasara tu, wametulazimisha. Mwenye nyumba akibadili paa, kwani anaomba upya ruhusa ya kuishi ndani?"

"Nyumba si yako," nikasema. "Wewe ni mpangaji."

Hapo wakacheka kwa upande wangu, na uso wake ukabadilika kidogo tu, kama maziwa yanapoanza kushika utando. Akateremsha sauti. Akaweka mkono kifuani.

"Mimi sitaki kuwakumbusha mambo ya chumvi. Hapana. Hayo ni kati yenu na devta. Sote tunajua yaliyompata dada yangu, Mungu amlaze. Sitaki mwingine yampate. Nasema tu kila mtu aingie kupiga kura na moyo wake."

Hakuna aliyecheka tena. Nikaona mama mmoja anamvuta mtoto wake karibu.

Nikaondoka moja kwa moja kwenda kwa Shobhu. Shobhu ndiye gur, yaani yule ambaye devta humtumia kinywa chake. Siku zisizo za devta ni mzee tu anayechunga kondoo na kulalamika magoti. Nilimkuta anakula maharage.

"Shobhu, kifungue kiapo cha kijiji."

"Nakula."

"Kula, kisha kifungue."

Akatafuna polepole. "Kinafungulika. Kuna taratibu. Wote waliotia chumvi wasimame mbele ya devta, kila mmoja aseme alitia nini na aliapa nini. Akipatikana aliyetangulia kuvunja, wengine huachiliwa. Mzigo hubaki kwake peke yake."

"Aliyetangulia ni Virbhan."

"Basi aje aseme mwenyewe. Kwa kinywa chake. Asipokuja, siwezi."

"Mtu wa namna ile hawezi kuja."

"Mwambie kijiji kizima kitakuwepo," Shobhu akasema, akipangusa sahani kwa mkate. "Nimewahi kuwaona wanasiasa wengi. Watu wakikusanyika hawajui kutokuja."

*

Na kweli akaja. Ijumaa mchana, kwa tenga lilelile, kamba inavutwa na watu walewale. Nadhani alihesabu vichwa tu akaona faida.

Devta alitolewa akiwa kwenye kiti chake cha miti miwili mirefu, vinyago vyake vya fedha vinang'aa, vijana wamembeba mabegani. Ngoma zikapigwa, tarumbeta ndefu zikalia, Shobhu akavua kofia, nywele zake zikaanguka, na yule mzee wa magoti hakuwepo tena. Alikuwa anatetemeka mwili mzima. Lota ya Reshmu niliiweka mbele yake. Sikuwa nimeigusa tangu mazishi.

Mmoja mmoja tukapita. "Nilitia chumvi. Niliapa kumpa kura Virbhan." Bhagtu akapita. Mimi nikapita. Kesru akapita.

Virbhan akasogea wa mwisho. Tabasamu analo. Akafungua mdomo. "Mimi nilitia..."

Miti ya kiti cha devta ikayumba upande wake. Vijana waliobeba wanasema hawakuisukuma. Mimi sijui, nasema nilichoona. Iliyumba mpaka ncha ya mti ikasimama karibu na kifua chake, na Mheshimiwa, aliyemdanganya Spika na mahakama na vyama viwili bila kupepesa jicho, akatoka jasho kwenye baridi. Maana huyu naye ni mtoto wa milima hii. Bibi yake alimfundisha yaleyale.

"Sema," Shobhu akanguruma. "Ulitia nini?"

Virbhan akaitazama ile ncha ya mti.

"Ulitia nini?"

"Sukari," Virbhan akasema.

Ngoma zikakoma zenyewe.

"Sukari ya mawe," akasema kwa haraka, kama mtu anayevuka mahali penye utelezi. "Ile ya sadaka. Nilikuwa nimegawiwa hapa hapa uwanjani, nilikuwa nayo kiganjani. Nikatia hiyo." Na alipoona hajaanguka, hajafa, damu ikamrudia usoni, na akili yake ikamrudia nayo, ile akili yake. Akatugeukia. "Kwa hiyo mimi sijavunja kitu. Hamna chumvi yangu mle ndani. Walioapa ni nyinyi. Gur, si ndiyo? Kiapo ni chao, si changu. Kipo palepale."

Wasomaji wangu, nimeishi miaka mingi, nimeona wezi wakikamatwa. Sijawahi kumwona mwizi anayedai risiti.

Shobhu alikuwa anahema. Watu wote tulimtazama atamke. Akatazama lota, akatazama devta. Miti ile ikawa imetulia tuli. Halafu mzee akakaa chini, na magoti yake yakarudi.

"Sijui," akasema kwa sauti yake ya siku zote. "Lota yenye chumvi na sukari... halijawahi kuletwa mbele yangu jambo kama hili. Devta hajasema."

"Basi limekwisha," Virbhan akasema. "Jumapili tuonane." Akaanza kuteremka kuelekea mtoni, anatembea kwa haraka kidogo kuliko mtu aliyeshinda.

Tukamfuata. Hakuna aliyetuambia tumfuate. Kijiji kizima kiliteremka nyuma yake bila neno, mpaka ukingoni, mahali ambapo kiti cha mke wangu kiliwekwa chini siku ile. Virbhan akaingia kwenye tenga, akashika pande zote mbili.

"Haya, vuteni."

Wanaume wa kamba wakamtazama Kesru. Kesru aliokota kamba. Akaizungusha kwenye mkono wake mara moja, akasimama hivyo.

"Kesru, ndugu yangu. Nina mkutano ng'ambo."

"Chumvi nilikupa mimi," Kesru akasema.

"Nini?"

"Dada aliivunja kwenye kinu chake, akanipa niigawe. Nilikuwekea kijiwe mkononi kwa vidole hivi. Kilikwenda wapi?"

"Kesru, mambo ya zamani hayo..."

"Kilikwenda wapi, Mheshimiwa?"

"Sijui. Mfukoni. Nitakumbuka kijiwe cha chumvi mimi?"

"Ulikumbuka sukari."

Ng'ambo vijana wa Mwavuli walianza kupunga mikono, wanapiga kelele, mto unayameza maneno yao. Tenga likaning'inia ukingoni, nusu juu ya mawe, nusu juu ya maji. Kesru akavua kofia yake ya njano kwa mkono mmoja, akaiweka juu ya jiwe, taratibu, kama mtu anayeweka kitu cha watu.

"Mimi nilitia chumvi na sikuogopa," akasema, "kwa sababu nilikusudia. Dada alitia hakuogopa. Huyu shemeji unayemwona hapa, kila mtu anajua ni mwoga, alitia. Wewe peke yako ndiye uliyeificha. Ulikuwa hujapata kura hata moja. Hakuna aliyekuwa amekupeleka hoteli yoyote. Kofia yako ya kijani ilikuwa bado ina harufu ya duka. Na nimezunguka nyumba hadi nyumba kwa ajili yako nikimwambia kila mtu kwamba dada yangu alijiua kwa ulimi wake."

"Kesru, vuta kamba."

"Nitavuta. Nijibu tu, nivute."

Virbhan akageuza uso kunitafuta mimi. "Shemeji, mwambie."

Lile neno nililotaka litolewe juu ya jina la mke wangu lilikuwa linatolewa, na aliyekuwa analitoa ni yuleyule aliyeliweka. Nilihofia hata kukohoa.

Kesru akasogea mpaka maji yakamfika viatuni.

"Siku ile dada yangu anakufunga uzi mkononi, na wewe umekunja ngumi yako na sukari ndani, ulikuwa umeshajua kwamba utatuacha?"